Mwana wa Wahamiaji Kwenye Kiti cha Meya: Maisha ya Sheikh Kaluta Amri Abedi (1924–1964)



Hapa Kasenga, kando ya mto Luapula, neno "mgeni" linasikilika kila siku, lakini ni vigumu kujua maana yake. Asubuhi watu wanavuka kwa mitumbwi kutoka upande wa Zambia, wanauza, wananunua, na jioni wanarudi kwao. Wengine hawarudi: wanaoa hapa, wanazaa hapa, wanazikwa hapa. Zamani za Wabelgiji walikuja Wagriki, wakafanya biashara ya samaki na kuwapeleka Elisabethville kuwalisha wafanyakazi wa migodi. Ng'ambo ya mto anakaa Mwata Kazembe, ambaye wazee wake walitoka mbali magharibi, kwa Mwata Yamvo, katika karne ya 18. Basi, kati ya watu hawa wote, mwenyeji ni nani na mgeni ni nani?

Hatuulizi swali hili kwa kupitisha wakati. Katika Katanga yetu swali hili limemwaga damu, tena zaidi ya mara moja. Katekista analikuta kijijini wakati wa kugawanya mashamba. Padri analikuta paroisini wakati wa kuchagua wakubwa wa baraza. Mseminari analikuta katika chumba cha kulala, wakati wenzake wanapoanza kukaa makundi makundi kadiri ya lugha za mama zao. Tumeona vema tulitazame kwa njia ya historia, na tumechagua maisha ya mtu mmoja. Mtu huyu hakuwa Mkristo. Alikuwa mhubiri wa Islamu, mwandishi wa gazeti, mtunga mashairi, na mwisho meya wa mji mkubwa. Ukoo wake ulikuwa wa watu waliotoka Kongo. Jina lake ni Sheikh Kaluta Amri Abedi.

I. Njia iliyokwenda pande mbili

Kwanza tukumbuke njia yenyewe. Katika karne ya 19, misafara ya wafanya biashara ilitoka pwani, Bagamoyo, ikapita Tabora katika Unyamwezi, ikafika Ujiji kando ya ziwa Tanganyika. Hapo walivuka kwa mashua, wakaingia Manyema, hata Kasongo na Nyangwe. Walitafuta pembe za tembo, walitafuta na watu. Njia hii ilikuwa ya machozi. Mapadri Weupe waliotumwa na Kardinali Lavigerie walifuata njia ile ile, wakafika Ujiji mwanzo wa mwaka 1879, na moja ya kazi zao za kwanza ilikuwa kukomboa watoto waliouzwa.

Katika njia hiyo watu wa Manyema walikwenda mashariki kwa namna nyingi. Wengine walikuwa watumwa, wengine wapagazi, wengine askari wa misafara, wengine watu huru waliotafuta maisha. Ujiji ukajaa watu wao. Baadaye wakafika Tabora, na hata Dar es Salaam, wakajenga nyumba, wakaanzisha vyama vya kuzikana na kusaidiana. Wakaitwa "Wamanyema", jina la inchi waliyotoka, ingawa kati yao kulikuwa na makabila mengi. Lugha yao ya wote ikawa Kiswahili, na dini yao, kwa wengi, Islamu.

Lakini njia ile ile ilileta watu huku kwetu vile vile. Msiri, mfalme wa Bunkeya, hakuzaliwa Katanga. Alitoka mashariki, katika inchi ya Wasumbwa na Wanyamwezi, akafuata biashara ya shaba, akaimarisha ufalme wa Wayeke, akatawala mpaka alipouawa tarehe 20 Desemba 1891. Basi njia ilikwenda pande mbili: mtu wa Unyamwezi akawa mfalme Katanga, na watu wa Kongo wakawa raia wa Ujiji. Tuliweke jambo hili moyoni, maana tutalirudia.

II. Kijana wa Ujiji

Kaluta Amri Abedi alizaliwa Ujiji mwaka 1924, katika ukoo wa Wamanyema. Wakati ule Wajerumani walikuwa wameondoka na Waingereza walitawala Tanganyika. Alisoma Tabora, katika masomo ya Serkali, pahali ambapo vijana wengi wenye akili wa inchi ile walilelewa, kati yao na Julius Nyerere. Nyuma ya masomo aliingia kazi ya posta. Kwa kijana Mwafrika wa siku zile, kazi ya posta ilikuwa kazi ya heshima: mshahara kila mwezi, nguo safi, kalamu mkononi. Wasomaji watakumbuka kwamba kwetu Kongo Patrice Lumumba, aliyezaliwa mwaka mmoja tu nyuma yake, naye alikuwa karani wa posta, naye alihamia mbali na kwao, Stanleyville, naye alianza kujulikana kwa maandiko yake katika magazeti. Ni kama barua za watu wengine ziliwafundisha vijana hawa kwamba neno lililoandikwa lina nguvu ya kwenda mbali.

Lakini huko Tabora Amri Abedi alikutana na mtu aliyegeuza maisha yake. Huyu alikuwa Sheikh Mubarak Ahmad, mtu wa Bara Hindi, aliyekuja Afrika ya Mashariki mwaka 1934 kuhubiri mafundisho ya Ahmadiyya. Kikundi hiki kilianzishwa mwaka 1889 na Mirza Ghulam Ahmad wa Qadian, na Waislamu wengi hawakikubali kuwa cha dini yao. Basi kijana wa Ujiji aliyekubali mafundisho haya alijitenga na ndugu zake mara mbili. Wenyeji wa inchi walimwona mtoto wa wahamiaji; Waislamu wenzake walimwona mtu aliyepotea. Hata hivyo aliacha kazi ya posta pamoja na mshahara wake, akajitoa kuwa mhubiri.

Sisi tunaosoma katika seminari tunajua uzito wa tendo hilo. Mafundisho yake hatuyafuati. Lakini mtu anayeacha pato la hakika kwa ajili ya lile analoliamini, tunaelewa alichokifanya, na hatuwezi kumcheka.

III. Kazi ya kalamu

Ahmadiyya walikuwa na gazeti la Kiswahili lililoitwa Mapenzi ya Mungu, lililoanza mwaka 1936. Hapo Amri Abedi alifanya kazi ya mwandishi na ya kusimamia maandiko. Kazi ya gazeti la dini tunaijua pia: kuandika usiku, kusahihisha makosa ya mpiga chapa, kujibu barua za wanaopinga, kutafuta fedha ya karatasi. Gazeti la namna hii halimtajirishi mtu. Lakini linamfundisha kusema jambo kubwa kwa maneno machache, na kumheshimu msomaji asiye na masomo mengi.

Kazi nyingine ilikuwa kubwa zaidi. Sheikh Mubarak Ahmad alikuwa akitafsiri Kurani nzima katika Kiswahili. Mbele yake mtu mmoja tu alikuwa ameifanya kazi hiyo, Godfrey Dale, padri wa Waanglikana wa Unguja, aliyechapisha tafsiri yake mwaka 1923. Lakini Kiswahili hakikuwa lugha ya mama ya Sheikh Mubarak, kwa hiyo alihitaji watu waliozaliwa nacho, na Amri Abedi alikuwa mmoja wa waliomsaidia. Tafsiri ilitoka Nairobi mwaka 1953.

Hapa hatutaficha neno. Maelezo yaliyowekwa chini ya tafsiri hiyo yanapingana waziwazi na imani yetu. Ahmadiyya wanafundisha kwamba Yesu hakufa msalabani, ila aliponea, akaenda mbali akafa mzee huko Kashmir. Makatekista wengi wa Tanganyika na wa Kenya walisumbuliwa na mafundisho hayo sokoni na njiani. Masheikh wa Islamu nao walikasirika kwa sababu zao. Sheikh Abdallah Saleh al-Farsy wa Unguja aliipinga tafsiri hiyo, na mwaka 1969 tafsiri yake mwenyewe ikachapwa nzima. Kwa hiyo mtu tunayemweleza alikuwa mshindani wa Eklezia katika mambo ya imani. Tunasema hivyo wazi, ili msomaji asidhani kwamba kumheshimu mtu ni sawasawa na kukubali mafundisho yake.

Mwaka 1954 alichapisha kitabu ambacho wasomaji wa Kiswahili wanakitumia hata leo: Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Sehemu ya kwanza inafundisha namna ya kutunga shairi. Sehemu ya pili ni mashairi yake mwenyewe. Anaeleza vina na mizani, yaani ulingano wa sauti na hesabu ya silabi. Katika shairi la kawaida kila mstari una mizani 16, nane mbele na nane nyuma. Mistari minne inafanya ubeti. Na vina vinalingana katikati na mwisho. Wenyeji wa pwani, wa Lamu, Mombasa na Unguja, walikuwa wakitunga hivyo kwa miaka mamia, wakifundishana kwa mdomo na kwa mfano. Aliyekaa akaziandika sheria hizo ili kila mtu ajifunze alikuwa mtoto wa Ujiji, mjukuu wa watu wa bara.

Jambo hili linatuvuta sana. Mara nyingi mwenyeji hahitaji kuandika sheria ya lugha yake, kwa sababu ameinyonya kwa mama. Mhamiaji anajifunza kwa bidii, anauliza sababu, anahesabu silabi kwa vidole, na mwisho anaweza kumfundisha hata mwenyeji. Baadaye, katika miaka ya 1970, washairi vijana kama Euphrase Kezilahabi walizikataa sheria hizo na kutunga bila vina, na ugomvi ukawa mkubwa. Lakini hata waliozikataa walilazimika kuanza na kitabu cha Amri, maana mtu hawezi kuvunja ukuta usiojengwa.

Kisha alikwenda Pakistani, katika mji wa Rabwah, kuongeza masomo ya dini. Aliporudi, mambo ya Tanganyika yalikuwa yamegeuka.

IV. Meya wa Dar es Salaam

Chama cha TANU kilianzishwa tarehe 7 Julai 1954, na mkubwa wake alikuwa Julius Nyerere, Mkatoliki, mwalimu aliyefundisha katika masomo ya wamisionari Tabora na Pugu. Amri Abedi aliingia katika chama hicho. Ulimi wa mhubiri, kalamu ya mwandishi na mashairi aliyoyajua watu wengi vilikuwa msaada mkubwa kwa chama kilichotaka kuunganisha makabila zaidi ya mia moja.

Dar es Salaam ya siku zile ilikuwa mji uliogawanyika. Kulikuwa na Uzunguni kando ya bahari, penye miti na nyumba za nafasi. Uhindini penye maduka. Na Kariakoo na Ilala penye Waafrika. Hesabu ya mwaka 1957 ilionyesha karibu watu 129,000. Wazaramo ndio waliohesabiwa kuwa wenyeji wa sehemu ile, lakini mji ulijaa watu kutoka pande zote: Wamanyema, Wanyamwezi, Wangoni, Wayao, Wahindi, Waarabu, hata wana wa askari Wazulu waliokuja na Wajerumani. Tangu mwaka 1949 mji ulikuwa na baraza lake na meya, na kwa miaka kumi hakuna Mwafrika aliyekalia kiti hicho.

Mwaka 1960 madiwani, yaani washauri wa mji, walimchagua Kaluta Amri Abedi. Alikuwa na umri wa miaka 36. Kwetu tungesema burgmestre. Wao wanasema "mstahiki meya". Mtoto wa Ujiji, wa ukoo uliovuka ziwa kutoka Kongo, wa kikundi cha dini ambacho Waislamu wengi wa mji walikikataa, akawa Mwafrika wa kwanza kuwa mkubwa wa mji ule. Kazi ya meya ni kazi ya mambo madogo madogo: maji, soko, takataka, taa za barabara, nyumba za wafanyakazi. Lakini mtu wa Kariakoo aliyemwona mwenzake amekaa pahali palipokuwa pa Wazungu alielewa, bila kufafanuliwa, kwamba mji umekuwa wake.

Lazima tuseme pia kwamba swali la mgeni na mwenyeji lilikuwako huko nako. Mwezi wa Oktoba 1961, mbele ya uhuru, wajumbe wengine wa bunge walitaka uraia utolewe kadiri ya rangi. Nyerere alikataa kwa nguvu, akatangaza kwamba serkali yake iko tayari kujiuzulu kama bunge litakubali jambo hilo. Alishinda. Uhuru ulikuja tarehe 9 Desemba 1961, na Dar es Salaam ikapewa cheo cha jiji mwaka ule ule.

Amri Abedi aliendelea kupanda. Mwaka 1963 alifanywa waziri wa sheria. Mwaka 1964, Tanganyika na Unguja zilipoungana, akawa waziri wa maendeleo ya jamii na utamaduni wa taifa. Yule aliyeandika sheria za mashairi alikabidhiwa utamaduni wa inchi nzima. Lakini hakukaa siku nyingi. Alifariki Bonn, Ujerumani, mwezi wa Oktoba 1964, akiwa na miaka 40 tu. Uwanja mkubwa wa mpira wa Arusha unaitwa kwa jina lake hata leo. Vijana wengi wanaopiga kelele ndani yake siku ya mechi hawajui kwamba huyo Sheikh alikuwa mtunga mashairi.

V. Elisabethville, wakati ule ule

Sasa turudi kwetu. Miaka mitatu tu mbele ya Dar es Salaam kupata meya wake Mwafrika, Wabelgiji waliruhusu uchaguzi wa kwanza katika miji mitatu ya Kongo: Léopoldville, Elisabethville na Jadotville. Ilikuwa Desemba 1957, na waliopiga kura walikuwa wanaume tu. Huko Léopoldville, katika komini ya Dendale, aliyepata kuwa burgmestre ni Joseph Kasa-Vubu, mtu aliyesoma miaka mingi katika seminari, hata seminari kubwa ya Kabwe.

Elisabethville kulikuwa na komini nne za Waafrika: Albert, ambayo leo ni Kamalondo, na Kenya, Katuba na Ruashi. Waliochaguliwa kuwa waburgmestre walikuwa watu wanne waliotoka nje ya Katanga: watatu wa Kasai, mmoja wa Kivu. Sababu yake haikuwa uchawi wala hila. Union Minière na reli ya B.C.K. walikuwa wamewaleta watu wa Kasai kwa maelfu, wakakaa mjini, wakasomesha watoto, wakashika kazi za ukarani. Wakati wa kura, waliokuwa wengi mjini walichagua watu wao.

Huko Dar es Salaam kuchaguliwa kwa mwana wa wahamiaji kulionekana kuwa ushindi wa wote. Hapa kwetu kulionekana kuwa kushindwa kwa wenyeji. Mwisho wa mwaka 1958 chama cha Conakat kilianzishwa ili kuwatetea wale walioitwa "Wakatanga wa kweli", na mkubwa wake wa kwanza alikuwa Godefroid Munongo. Yaliyofuata tunayajua: Katanga kujitenga tarehe 11 Julai 1960, vita, na mwaka 1961 makumi ya maelfu ya Waluba wa Kasai wakikimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa hapo Elisabethville. Tena miaka 1992 na 1993, watu wale wale na watoto wao waliitwa "bilulu", yaani wadudu, wakafukuzwa Likasi, Kolwezi na miji mingine. Walilala majuma na miezi kwenye stasyo za reli wakingojea treni, na wengi walikufa pale pale au njiani. Kati ya waliofukuza na waliofukuzwa walikuwamo wabatizwa wa kisima kimoja.

Tuongeze neno moja, si kwa kumhukumu marehemu, bali kwa kujifunza. Munongo, aliyesimama kwa ajili ya Wakatanga wa kweli, alikuwa mjukuu wa Msiri. Naye Msiri, tumesema, alitoka Unyamwezi. Basi katika miaka ile ile, mjukuu wa mtu wa Tanganyika alikuwa mwenyeji wa Katanga, na mjukuu wa watu wa Kongo alikuwa mwenyeji wa Dar es Salaam. Kama Munongo alikuwa Mkatanga wa kweli, nasi tunakubali kabisa kwamba alikuwa, basi mgeni anaweza kuwa mwenyeji. Linabaki swali moja tu: ni miaka mingapi inatakiwa, na nani amepewa ruhusa ya kuihesabu?

Hatusemi kwamba Tanganyika ilikuwa paradizo. Mwezi wa Januari 1964, askari walipoasi Dar es Salaam, maduka ya Wahindi na Waarabu yalivunjwa, na watu waliuawa. Wala hatusemi kwamba wenyeji wa Katanga walilalamika bure. Mtu anayeona mali ya udongo wake inachimbwa, naye anabaki maskini kijijini, ana haki ya kusema. Tofauti tunayoiona ni hii: huko, mkubwa wa inchi alikuwa tayari kupoteza kiti kuliko kukubali watu wapimwe kadiri ya asili yao. Huku, Wazungu waliotaka kuendelea kutawala waliuchochea moto huo, na wakubwa wetu waliuota.

VI. Je, mhubiri akae kwenye kiti cha meya?

Hapa mseminari atauliza: kama sheikh alikuwa meya, kwa nini padri asiwe? Historia imejibu. Mwaka 1956, ng'ambo ya mto Kongo, Padri Fulbert Youlou alichaguliwa meya wa Brazzaville. Askofu wake alikuwa amemkataza kutoa Misa, naye akaendelea kuvaa kanzu. Akawa rais wa inchi, na Agosti 1963 watu wa mji ule ule waliompenda walimwangusha. Leo kanuni ya 285 ya sheria ya Eklezia inawakataza mapadri kushika kazi zenye mamlaka ya serkali.

Sababu yake tunaiona wazi katika Katanga. Burgmestre anachaguliwa na upande mmoja. Padri anatumwa kwa wote. Siku ile watu wanapofukuzana, lazima abaki mtu mmoja mjini ambaye pande zote mbili zinaweza kugonga mlango wake usiku. Akishakuwa mtu wa upande, mlango huo umefungwa.

Lakini katekista mstaafu, mwalimu, mkristo wa kawaida, hao wanaweza, na mara nyingine wanapaswa. Mwaka 2018 Pierre Kompany, mzaliwa wa Bukavu, aliyesoma Lubumbashi na kukimbilia Ubelgiji mwaka 1975, alichaguliwa kuwa burgmestre wa Ganshoren, komini ya mji wa Brussels. Alikuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kupata kazi hiyo katika inchi iliyotutawala. Tulifurahi wote, na watu wa Katanga walifurahi pia, bila kuuliza kama wenyeji wa Ganshoren walikuwa wamesononeka. Tukifurahi mtoto wetu kupewa kiti kwa watu, tunapaswa kumwachia nafasi mtoto wa watu kwetu.

VII. Mambo matatu ya kushika

La kwanza ni la imani. Mtaguso wa Vatikano wa Pili, katika tangazo Nostra aetate la tarehe 28 Oktoba 1965, ulitufundisha kuwaheshimu Waislamu na kusahau ugomvi wa zamani. Amri Abedi alikuwa amekufa mwaka mmoja mbele yake. Tungependa makatekista wajue kumjibu mtu wa namna yake kwa maarifa, na wajue pia kumsifu pale alipotenda mema. Mtu anayeogopa kumsifu mshindani wake anaonyesha kwamba imani yake mwenyewe haina mizizi.

La pili ni la lugha. Tunahubiri kwa Kiswahili, lakini wengi wetu tunakitumia kama mtu anayevaa koti la kuazima. Tunachanganya, tunakatisha, tunasema kila neno gumu kwa Kifaransa. Mjukuu wa Wamanyema alikaa akajifunza Kiswahili mpaka akawaandikia wengine sheria zake. Kiswahili cha Katanga kina sura yake na uzuri wake, wala hakihitaji kuiga cha Unguja. Kinahitaji watu watakaokiandika kwa uangalifu ule ule.

La tatu ni la wageni. Maandiko Matakatifu yanawakumbusha Waisraeli tena na tena kwamba walikuwa wageni Misri, na kwa hiyo wasimwonee mgeni. Nabii Yeremia aliwaandikia waliohamishwa Babiloni wajenge nyumba, wapande mashamba, na kuutakia heri mji waliomo, ingawa si mji wao. Maneno hayo yana pande mbili kama ile njia ya Ujiji: mwenyeji ampe mgeni nafasi, na mgeni aupende mji unaompokea, asiufanye pahali pa kuchuma na kuondoka. Ng'ambo ya ziwa, huko Karema, Adrien Atiman alifanya hivyo. Alitekwa utotoni karibu na Timbuktu, akakombolewa na Mapadri Weupe, akasomea uganga Malta, akafika Karema mwaka 1889, akawatibu watu na kuwafundisha dini mpaka alipokufa mwaka 1956. Huko hakuna aliyemwita mgeni siku ya maziko yake.

Tunawaomba waseminari jambo moja la kazi. Wakati wa likizo, kaeni na wazee wa paroisi zenu, mwandike katika daftari kila jamaa ilitoka wapi, mwaka gani, kwa njia gani. Andikeni jamaa yenu kwanza. Sisi tumeanza hapa Kasenga, na mpaka sasa hatujapata hata jamaa moja iliyosema kwamba wazee wake waliota hapa kama miti. Daftari hizo zitunzwe paroisini. Siku wakirudi wale wanaotaka kuwagawanya watu, padri azifungue na kusoma mbele ya wote, jina kwa jina.